Udongo wa Nyuma ya Jiko

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii watu huipenda sana wanapomsema mtu mwingine. Aliyeibiwa na shemeji huitamka, aliyesalitiwa na rafiki huitamka, naye msengenyaji humalizia nayo maneno yake kama mtu anayenawa mikono baada ya kula. Wachache hukumbuka kwamba nguo inayotajwa ni ya msemaji mwenyewe, na kwamba ingempasa aikung'ute yake kabla ya kukagua ya jirani. Bibi mmoja wa kijijini kwetu Mosetlheng, nchini Botswana, aliijua maana hiyo akiwa na mvi kichwani, na aliijua kwa gharama ambayo hakuna awezaye kuirudisha.

Siku hizo Mosetlheng ilikuwa bado kijiji cha udongo. Ukipita sasa unaona matofali ya saruji na madirisha ya chuma, na wenyewe wanaita maendeleo. Mimi sibishani nao, ila moyo unaniuma. Zamani kila nyumba ilikuwa na ua mbele yake, umezungushiwa ukuta mfupi wa udongo uliofika kiunoni, na ukuta huo ndio uliokuwa heshima ya mama wa nyumba. Kila kipupwe, mtama ukishavunwa na kupurwa, wanawake walichanganya udongo wa kichuguu na samadi mbichi ya ng'ombe, wakaukandika ukuta upya kwa viganja, kisha kabla haujakauka wakauchora kwa ncha za vidole mistari kama matuta ya shamba. Mvua ya kwanza ilipoupiga ukuta huo, harufu yake ilimtoa mtu mate. Hakuna mtoto wa enzi zile asiyewahi kubandua kipande akakitafuna. Nami nilitafuna, na mpaka leo mvua ikinyesha juu ya vumbi ulimi wangu hukumbuka.

Nyua zilizosifika kuliko zote zilikuwa mbili, nazo zilipakana. Mmoja ulikuwa wa Mma-Oteng, mama wa Oteng. Mwingine ulikuwa wa Mma-Kelapile, mama wa Kelapile. Wanawake hawa waliolewa mwaka mmoja, wakazaa mwaka mmoja, wakafiwa na waume zao kabla hawajaota mvi. Walikuwa chanda na pete. Walikandika pamoja, leo kwako kesho kwangu, mmoja akianzia mwisho huu wa ukuta na mwenzake mwisho ule, na mahali mikono yao ilipokutana katikati usingeweza kujua nani aliishia wapi. Udongo waliuchota kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa nyuma ya ua wa Mma-Kelapile. Njia ya kukifikia ilipita mlangoni pake, na kwetu hupiti mlango wa mtu bila kumsalimu.

Urafiki huo ulivunjwa na mbwa. Alikuwa jike jekundu wa Mma-Oteng, mwembamba, masikio wima, mlinzi asiyesinzia. Aliitwa Phala, kwa mbio zake zilizofanana na za swala. Siku moja Kelapile alirudi likizo kutoka migodini Afrika Kusini, na mama yake akamwanikia nyama ya kukausha kwenye kamba uani. Alipogeuka kwenda kukoroga uji, Phala aliruka mara tatu, na kamba ikabaki kamba.

"Mma-Oteng, njoo uone alichonifanyia mbwa wako."

Mma-Oteng alikuja polepole, akaikagua kamba toka mwisho hadi mwisho. "Una hakika ni wangu?"

"Kipande cha mwisho kiko mdomoni mwake, na yeye amesimama hapo miguuni pako."

"Basi umeanika chini mno. Nyama huanikwa juu, dada."

"Na mbwa hufungwa, dada. Mwanangu amekaa miezi tisa chini ya ardhi. Amerudi ale kamba?"

Pole moja tu ingetosha. Lakini Mma-Oteng hakujua kushuka. Hilo alijaliwa kulikosa tangu tumboni mwa mama yake. Alirudi kwake akambadilisha mbwa jina. Kwetu mbwa hupewa jina la kumfikishia jirani ujumbe usioweza kusemwa usoni, naye akamwita Batlareng, maana yake Watasema Nini. Tangu siku hiyo, kila jioni alisimama karibu na ukuta wa jirani akaita kwa sauti ya mtu anayeuza kuni: "Batlareng, njoo ule. Batlareng, waache watu na kamba zao." Mma-Kelapile alimjibu kwa kufagia ua akiwa amempa mgongo. Sisi watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sasa nikikumbuka sicheki, ila sauti yake ikiita mbwa jua likizama ningelipa chochote niisikie tena.

Kipupwe kilichofuata, Mma-Oteng alishika karai lake akaelekea kichuguuni. Alifika mahali njia inapokata kwenda mlangoni kwa jirani, akasimama. Angepita, angelazimika kusalimu. Angesalimu, ingekuwa ameshuka. Aligeuza karai akarudi, akachimba udongo nyuma ya jiko lake mwenyewe, ndani ya ua wake, mahali ambapo ardhi ilikuwa nyekundu na laini kama unga. Ilikuwa laini kwa sababu Batlareng aliifukua miaka yote. Pale ndipo alipolala, na pale ndipo alipozaa.

Mwezi huohuo alizaa watoto sita ndani ya shimo hilo. Aliyewafurahia kuliko wote alikuwa Sethunya, mjukuu wa Mma-Oteng, binti wa miaka mitano aliyeletwa kijijini alelewe na bibi yake wakati mama yake, Oteng, akipika katika shule moja ya Gaborone. Kutwa nzima Sethunya alikuwa shimoni na watoto wa mbwa, akiwavika vitambaa, akiwapa majina, akiwagombeza wasiposikia. Nao walikuwa na matumbo ya duara kama vibuyu. Kila mgeni aliyepita aliyasifia. "Mbwa huyu ana maziwa," walisema, na Mma-Oteng alitabasamu kana kwamba maziwa ni yake. Hakuna aliyewatazama migongo, ambako mifupa ilihesabika chini ya manyoya yasiyong'aa. Mara mojamoja mmoja alitapika vitu vyeupe mfano wa tambi, vikijikunja mavumbini. Mma-Oteng alivifukia kwa kisigino. "Minyoo ya mbwa ni ya mbwa," alisema, na sote tulisema hivyohivyo.

Kulikuwa na jambo jingine. Mma-Oteng alikula udongo. Alianza alipokuwa na mimba ya Oteng na hakuacha tena. Wengi walikuwa hivyo na wengi wako hivyo hadi leo. Madonge yake aliyakausha kivulini, akalifunga moja kwenye pembe ya shali yake, na alipotaka kitu cha kutuliza mdomo alifungua fundo akamega. Sethunya akimlilia mama yake, bibi alifungua fundo hilohilo akamkatia kipande. Mtoto alinyamaza. Na kwa kuwa mwaka ule hakukuwa na udongo wa kichuguu, donge la shalini lilitoka palepale nyuma ya jiko.

Mma-Kelapile aliyaona hayo kupitia juu ya ukuta. Alivumilia siku nyingi, kisha akakohoa.

"Mma-Oteng."

"Nakusikia."

"Sitaki ugomvi. Huyo mtoto anakula udongo wa shimo la mbwa."

"Anakula udongo wa kwao."

"Mbwa wanajisaidia pale, mwenzangu. Kichuguu kipo. Pita uchote, hata usiponisalimu sitasema kitu."

"Ulianza na nyama, sasa umefika kwenye udongo. Kesho utanipangia hata pumzi."

Mma-Kelapile alishika ufagio wake. "Haya. Lakini mbwa huyo atakuja kukutoa machozi. Ukumbuke nilikwambia."

Maneno hayo yaliingia masikioni mwa Mma-Oteng yakakaa humo kama mbegu.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Watoto wa mbwa wawili walikufa na wanne wakagawiwa. Sethunya alishikwa na kikohozi kikavu na homa ya kuja na kuondoka, akalalamika tumbo, kisha vyote vikaisha, na watu wakasema ni vumbi la Agosti. Mvua zikanyesha, mtama ukapandwa, ukavunwa.

Wakati huo Sethunya alikuwa na kazi moja aliyojivunia. Bibi yake alishona mablanketi ya viraka, na macho yake hayakuliona tena tundu la sindano, hivyo mtunga uzi alikuwa mjukuu. Hata vikongwe wa nyumba nyingine walimwazima. "Nipe macho yako, mama," walimwambia, naye alilamba uzi, akaupenyeza mara moja, akarudisha sindano akiwa ameinua kidevu.

Adhuhuri moja alilikosa tundu. Akalamba uzi tena, akakosa. Mara ya tatu uzi ulipita pembeni kabisa mwa sindano.

"Leo sindano inakukimbia?" bibi alimtania, akamvuta magotini. "Hebu nione. Au uliyatia pilipili macho yangu?" Akamfunika jicho moja kwa kiganja, kama walivyozoea kucheza.

Sethunya akasema, "Bibi, umekwenda wapi?"

"Niko hapa mbele yako."

"Mbona sikuoni?"

Mma-Oteng aliondoa mkono taratibu. Ulikuwa umefunika jicho la kulia. Lile la kushoto, ambalo hakuwa amelitazama vizuri kwa miezi, lilikuwa likiangalia kando, na ndani ya mboni yake kulikuwa na weupe kama tone la maziwa.

Alilia mpaka kilemba kikamdondoka. Na katikati ya kilio, ile mbegu ikaota: mbwa huyo atakuja kukutoa machozi. Nani aliyasema? Nani alimtazama mtoto huyu kila siku juu ya ukuta? Nani alikuwa na kinyongo cha nyama? Jua halijateremka, kata nzima ilikuwa imeambiwa kwamba Mma-Kelapile ameloga jicho la mtoto.

Sijui mahali ambapo uvumi huenea polepole, lakini si kwetu. Mma-Kelapile alipika pombe ya mtama Ijumaa kama kawaida yake, na hakuna aliyekuja kuinywa. Aliwasalimu watu njiani, wakainama kufunga viatu. Sisi watoto tulikatazwa kukata njia mbele ya mlango wake. Mwanamke aliyewapokea nusu ya watoto wa kata wakizaliwa alibaki anazungumza na kuku. Mzee wa kata yetu, Rra-Mothobi, aliyekuwa mtu wa haki lakini mwoga wa kelele, aliitisha kesi katika kgotla, yaani baraza la kata, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kila mtu alijua kwamba Mma-Kelapile akipatikana na hatia atahamishwa, na mzee wa miaka sitini akihamishwa kwa uchawi hana kijiji kitakachompokea.

Oteng alifika kabla ya siku hiyo. Alipokea habari, akaja na basi la kwanza. Alimwinua mwanawe kidevu, akalitazama jicho, kisha akamsikiliza mama yake hadi mwisho.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza."

"Chukua shali yako. Tunakwenda hospitali."

"Hospitali wanajua mambo ya watu?"

"Wanajua mambo ya macho."

Huko mjini walimkuta daktari wa macho, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimkalisha Sethunya, akammulika jicho kwa taa ndogo, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia bibi.

"Nyumbani mnafuga mbwa, mama?"

"Yupo mmoja. Lakini hajamng'ata mtoto hata siku moja."

"Amezaa karibuni?"

"Mwaka jana, sita."

"Na huyu binti ana tabia ya kula udongo?"

Aliyejibu ni Sethunya, kwa furaha ya mtoto aliyeulizwa swali analolijua. "Bibi hunipa. Mtamu. Uko kwenye shali."

Alinyoosha mkono akaishika pembe ya shali ya bibi yake. Fundo lilikuwapo, limevimba.

Daktari hakugomba. Alieleza polepole, huku Oteng akimshika mama yake bega. Watoto wa mbwa, alisema, huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao. Tumbo la duara ambalo watu hulisifia ndiyo hiyo. Mayai yake hutoka na kinyesi, na ni madogo kuliko vumbi. Yakikaa ardhini wiki kadhaa hukomaa, na yanaweza kukaa miaka yakisubiri. Mtu akiyameza, minyoo midogo hutoka, lakini humo mwilini mwa mtu hupotea njia. Hutangatanga. Mmoja unaweza kwenda kwenye ini, mwingine kwenye mapafu na kuleta kikohozi. "Huu ulifika kwenye jicho," alisema.

"Litapona?" Oteng aliuliza.

"Uvimbe tutautuliza usizidi. Lakini nuru iliyokwenda, dada yangu, imekwenda. La kulia ni zima, nalo tutalilinda."

Mma-Oteng alikuwa bado ameshika swali lake, lile alilosafiri nalo. "Daktari, sisi tunataka kujua. Nani alimtupia?"

"Hakuna aliyemtupia, mama. Alimeza."

Walipanda basi la kurudi. Sethunya alilala mapajani mwa bibi, kiraka cheupe jichoni. Walipokaribia kijiji Oteng alisema, "Mama, kesi ni kesho."

"Najua."

"Ukinyamaza, watamfukuza. Ukisema, watu watajua ni wewe uliyemlisha."

"Najua, mwanangu. Niache niyafikirie."

Lakini hakukuwa na cha kufikiria, alijua mwenyewe. Ama jirani angepoteza jina lake, ama yeye angepoteza lake, na jicho la mtoto lisingerudi kwa vyovyote.

Kgotla ilijaa siku hiyo kama siku ya harusi. Wanaume walikaa viti vyao vya kukunja, wanawake mikekani, mabega yamefunikwa kwa shali, maana mwanamke haingii kgotla mabega wazi. Mma-Kelapile alikaa peke yake. Mkeka wake ulikuwa na nafasi ya watu watatu, na hakuna aliyeigusa. Alikuwa amepaka mafuta miguu na kuvaa gauni lake la kanisani. Nakumbuka gauni hilo kuliko yote. Lilinitia huruma nisiyoielewa kwa umri wangu.

"Mlalamikaji asimame," alisema Rra-Mothobi. "Mma-Oteng, tuambie unamshtaki nani."

Mma-Oteng alisimama. Hakumtazama mtu. Alishika pembe ya shali yake, akahangaika na fundo, maana alikuwa amelikaza sana, mpaka likafunguka. Akatoa donge jekundu la ukubwa wa yai la kwale, akatembea hadi mbele ya mzee, akaliweka mchangani.

"Mshtakiwa ni huyu," alisema.

Rra-Mothobi aliinama akatazama. "Huu ni udongo, mama."

"Ni udongo. Niliuchimba nyuma ya jiko langu, kwenye kinyesi cha mbwa wangu, kwa sababu sikutaka kupita mlango wa mtu niliyemkosea. Nikaufunga katika nguo yangu. Nikamlisha mjukuu wangu kwa mkono huu. Ndani yake mlikuwa na minyoo ya mbwa iliyokula jicho lake." Akanyoosha mkono kuelekea mkeka wa jirani. "Mma-Kelapile aliniambia. Nilimsikia vizuri. Onyo lake nikaliita uchawi, kwa kuwa kama lingekuwa onyo, mwenye kosa ningekuwa mimi."

Kisha mwanamume mmoja wa nyuma, mwenye bunduki ya kuwindia, akasema, "Basi tumalize. Mbwa huyo nimpige risasi leoleo."

Sethunya, aliyekuwa magotini mwa mama yake, alianza kulia. Hapo ndipo Mma-Kelapile aliposimama kwa mara ya kwanza.

"Umpige wa nini?" alisema. "Mbwa alichimba udongo akaupeleka mdomoni mwa mtoto? Mwiteni bwana mifugo ampe dawa ya minyoo, yeye na kila mbwa wa kata hii, na wenu pia, ninyi mnaomlaumu wa mwenzenu. Na mjifunze kuokota kinyesi mkafukie mbali, si kusukuma kwa kisigino." Akavuta pumzi, akamgeukia rafiki yake. "Nyama yangu, hata hivyo, sijaisahau."

Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili, kisha kgotla nzima, na katikati ya kicheko Mma-Oteng alikwenda akaketi kwenye ule mkeka wenye nafasi. Hakusema nisamehe. Alisema, "Pole kwa nyama." Ilikuwa imechelewa mwaka na nusu. Mma-Kelapile alisogea kidogo kumpisha, ingawa nafasi ilikuwapo.

Shimo la nyuma ya jiko lilifukiwa wiki hiyo. Bwana mifugo alikuja na vidonge, na akatufundisha kwamba mtoto wa mbwa hupewa dawa akiwa na wiki mbili tu, kisha tena na tena hadi akue, na mama yake pamoja naye. Tulifundishwa kunawa mikono tukitoka kucheza nao. Kuhusu kuacha kula udongo, wengine waliacha, wengine walijificha. Sethunya alimrudishia mbwa jina lake la kwanza, Phala, naye aliitika kana kwamba hajawahi kuitwa vingine.

Kipupwe kilipofika, Mma-Oteng alishika karai lake, akafika pale njia inapokata, akasimama. Mma-Kelapile alikuwa anafagia. Bila kuinua kichwa akasema, "Kichuguu hakijahama." Walikandika siku nne, leo kwako kesho kwangu.

Jicho halikurudi. Hilo lazima nilitaje, maana wasimulizi wengi hupenda kuliponyesha jicho mwishoni. Mma-Oteng hakumwomba tena mjukuu wake amtungie uzi. Alijifunza kutunga kwa kupapasa, akijichoma vidole, na kila alipochomwa hakutoa sauti. Mara nyingi nilimwona amekaa chini ya ukuta wake, sindano mkononi, anamtazama Sethunya akikimbia na kujigonga bega la kushoto mlangoni. Sijaona uso wenye majuto kama ule.

Wote wawili wamelala makaburini sasa, kwa kupakana vilevile. Kuta zao zimekwenda na mvua, isipokuwa kipande cha hatua tatu ambacho Sethunya amekiwekea paa la bati. Ukipitisha kidole juu yake utaifuata mistari kutoka kushoto na kutoka kulia, na katikati hutajua nani aliishia wapi. Yeye mwenyewe ni mama mtu mzima, na watoto wa kijiji humletea vitoto vya mbwa awatazame. Hushika tumbo, hupapasa uti wa mgongo, kisha humwuliza mwenye mbwa, "Huyu ameshiba, au amejaa?"

Na akitokea mtu analalamika kwamba jirani anamloga, kwamba maradhi ya nyumbani kwake yametumwa, Sethunya hambishii. Huingia ndani akatoa shali kuukuu ya bibi yake, akaikunjua magotini, akamwonyesha pembe moja yenye doa jekundu ambalo halijatoka kwa kufuliwa miaka thelathini. Humwacha mtu huyo alitazame mpaka ashibe. Kisha humwambia taratibu, bila hasira na bila kumtaja mtu: kikulacho ki nguoni mwako.